Shajara ya mradi: ramani ya neno "salamat"

Mradi wenyewe ni mdogo: neno moja, lugha za Ufilipino nitakazoweza kuzifikia, lahajedwali moja na ramani moja. Nchi ile ina lugha zaidi ya 170, na katika nyingi kati ya zile kubwa mtu akishukuru husema "salamat". Nataka kujua neno hilo limetoka wapi, limepita njia gani, na ni lugha zipi ambazo halikuingia. Mimi si mwanaisimu wa chuo. Ni mpishi kutoka Tanga, niko jikoni katika hoteli moja Dubai, na wenzangu wengi ni Wafilipino. Naandika kila hatua inapokwisha ili atakayetaka kufanya hivi kwa neno lingine asikwame pale nilipokwama mimi.

9 Novemba 2024: Kuchagua neno

Nilianza na "lima". Ni tano kwa Kitagalog, kwa Kisebuano, kwa Kiilokano, na hata kwa Kimalay. Nikaliacha upesi: ni neno la urithi, limeshuka kutoka kwa lugha mama ya Kiaustronesia, ukoo unaozikusanya lugha hizi zote, na jambo hilo limeshaandikwa likachosha. Nikajaribu "langgam", ambalo kwa Mtagalog ni sisimizi na kwa Msebuano ni ndege. Kisha "libog". Hili lilijichagua lenyewe siku dada mmoja wa Cebu aliposema "nalibog ko", yaani nimechanganyikiwa, na wa Manila wakaacha visu wakacheka, kwa sababu kwao libog ni ashiki. Maneno ya namna hiyo yanafurahisha mezani, ila hayana safari ya kufuatilia.

"Salamat" lina safari, na msomaji wa Kiswahili ameshaiona: ni salama yetu, na t mkiani. Ndipo maswali mawili ya mradi yakatoka. T hiyo imetoka wapi? Na usalama umegeukaje kuwa asante?

Lahajedwali nimelifungua katika LibreOffice, safu nne: lugha, umbo, maana, chanzo. Gharama hadi hapa ni sifuri.

30 Novemba 2024: Kuuliza watu

Njia ya kwanza haikufaa kitu. Niliuliza mezani kantini, wakati wa chakula cha mchana: kwenu asante mnasemaje? Wote wakajibu "salamat", nami nikajaza safu nzima kwa neno moja nikaona mradi umeisha kabla haujaanza. Kumbe nilikuwa napima lugha ya mezani. Kitagalog ndicho kinachowakutanisha wanapokaa pamoja, kama vile ukiuliza Mhaya, Msambaa na Mmakonde kwa pamoja kantini ya Dar watakavyokujibu "asante" bila kufikiri.

Nilibadilisha mambo mawili. Sasa namwuliza kila mtu peke yake, na swali si tena "mnasemaje" bali: bibi yako kijijini akipokewa mzigo, anasema nini? Majibu yakaachana siku ileile.

Wa Cebu alibaki na "salamat kaayo", wa Iloilo "salamat gid", wa Leyte anayesema Kiwaray "damo nga salamat", wa Pampanga "dakal a salamat". Lakini kaka wa Ilocos akasema "agyamanak", akaongeza kwamba bibi yake hupenda zaidi "Dios ti agngina", Mungu ndiye atakayelipa. Dada wa Bikol akasema salamat analitumia, ila nyumbani ni "Dios mabalos", na maana ni ileile, Mungu atakurudishia. Katika visiwa vya Batanes, kaskazini kabisa, Waivatan husema "Dios mamajes", na Mungu ndiye mlipaji tena. Sisi tunajua usemi huo: Mwenyezi Mungu akulipe kheri. Neno Dios ni la Kihispania, kwa hiyo tabaka hili haliwezi kuwa la zamani kuliko Wahispania wenyewe, waliokuja kukaa kuanzia 1565.

Wa Zamboanga, ambako husemwa Kichavakano chenye msamiati mwingi wa Kihispania, akajibu "gracias" tu.

Jibu lililonisimamisha ni la kaka wa Jolo, Mtausug. Alisema "magsukul". Nikamwomba arudie. Mzizi ni sukul, na sukul ni shukr ya Kiarabu, shukuru yetu. Jolo ni katikati ya usultani wa zamani wa Sulu, mahali ambapo Uislamu una mizizi mirefu kuliko karibu kote Ufilipino. Nilitarajia salamat liwe na nguvu kuliko kote pale. Hapana: pale shukrani ni shukrani, na salamat ni neno wanalolitumia wakizungumza na watu wa kaskazini. Nimeliwekea rangi yake na kuliacha lisubiri.

Gharama: chai ya maziwa na sambusa za waliojibu, dirham 60. Ukiiga kazi hii usiibane bajeti hapa. Mtu akiwa na kikombe mkononi humkumbuka bibi yake vizuri zaidi.

21 Desemba 2024: Maandishi

Nilitaka ushahidi usiotegemea kumbukumbu za wenzangu. Nikachukua Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, kwa kuwa limetafsiriwa kwa lugha nyingi mno, zikiwemo Kitagalog, Kisebuano, Kiilokano, Kihiligaynon na Kiwaray. Nikapakua, nikasafisha, nikapanga. Halafu nikatafuta "salamat". Hakuna. Vifungu vyote 30 vya tangazo lile vinadai haki, hakuna hata kimoja kinachomshukuru mtu. Kabla ya kukusanya maandishi, soma kwanza tafsiri ya Kiswahili ujionee kama neno lako lina nafasi humo.

Nikahamia Biblia, Wathesalonike wa Kwanza 5:18. Kwa Kiswahili: "shukuruni kwa kila jambo". Tafsiri ya Kitagalog ya 1905 ina "magpasalamat kayo". Mstari mmoja unatosha kwa sababu unalazimisha kitenzi cha kushukuru kitokee.

Matatizo yalikuwa mawili. La kwanza ni la mashine. Neno hubeba viambishi mbele, nyuma, na silabi hurudiwa: magpasalamat, pasasalamat, nagpapasalamat, pasalamatan. Ukitafuta neno zima peke yake utayakosa yote. Tafuta herufi "salamat" popote zilipo ndani ya neno, kisha yapitie matokeo kwa macho. Sisi tuliozoea "tukamshukuru" na "wakashukuriana" hatuna haja ya kuelezwa kwa nini.

La pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani. Kwa maandishi ya dini, Kibikol kilionekana sawasawa na Kitagalog, kwa kuwa kitenzi cha pasalamat kipo huko pia. "Dios mabalos" ya nyumbani ilipotea kabisa. Lau ningeanza na maandishi, Bikol ingepakwa rangi moja na Manila na nisingejua kuna kilichofunikwa. Nimeongeza safu ya tano: limesemwa wapi. Nyumbani, mtaani, kanisani, kwenye karatasi.

Kanisani kwenyewe kuna kitu cha kupendeza. Katika misa ya Kitagalog, msomaji akimaliza somo husema "Ang Salita ng Diyos", waumini wakajibu "Salamat sa Diyos". Salita limetoka Kisanskriti kupitia Kimalay, Diyos ni Kihispania, salamat ni Kiarabu. Padri wa karne ya 16 aliyekuja kuwapinga Waislamu aliukuta msamiati wa sala yake umeshapitia mikononi mwao.

18 Januari 2025: Jaribio la l

Nilitaka kuonyesha kwa sauti tu, bila historia, kwamba salamat si neno la urithi. Njia ilionekana rahisi. Kitagalog kina tabia ya kupoteza l iliyo katikati ya irabu. Mwezi ni bulan kwa Kisebuano na Kiilokano na Kimalay, lakini Mtagalog husema buwan. Njia ni dalan kwa Kisebuano, jalan kwa Kimalay, daan kwa Kitagalog. Nyumba ni balay kwa Kisebuano na Kiilokano, bahay kwa Kitagalog. Basi, nikajiambia, kama salamat lingekuwa la zamani Mtagalog angekuwa ameshaila ile l. Hakuila, kwa hiyo neno ni geni.

Niliiandika hoja hiyo katika maelezo ya ramani kwa wino mzito. Ilidumu hadi mtu wa kwanza wa Manila alipoisoma. Kichwa unakiitaje? "Ulo." Nane? "Walo." Ngozi? "Balat." Yote ni ya urithi na l imekaa starehe katikati. Kupotea kwa l katika Kitagalog ni tabia ya baadhi ya maneno, si sheria ya lugha nzima, na hoja inayotegemea tabia huanguka kwa mfano mmoja wa upande wa pili.

Nimeifuta kwenye ramani na kuiacha hapa makusudi, kwa kuwa ni mtego unaovutia. Mifano mitatu mizuri ikikaa pamoja hufanana sana na sheria.

8 Februari 2025: T ya mwisho

Hapa Kiswahili kilifanya kazi kuliko kamusi. Neno la Kiarabu ni salāma, na mwishoni lina ile herufi ya ta marbuta, ambayo wakati mwingine hutamkwa t na wakati mwingine haisikiki. Kila lugha iliyoazima ilibidi iamue. Pwani yetu kwa kawaida imeiangusha. Kimalay mara nyingi kimeishika.

Pitia mwenyewe, wetu kwanza halafu wao: rehema, rahmat. Neema, nikmat. Hekima, hikmat. Nia, niat. Sifa, sifat. Ada, adat. Ibada, ibadat. Hikaya, hikayat. Laana, laknat. Ijumaa, Jumaat. Salama, selamat. Nilipozipanga hivi nilimwamsha mwenzangu wa chumba kumwonyesha. Hakushukuru kwa lugha yoyote.

Kiswahili nacho hakikuwa na msimamo kila mahali. Tunayo umma na tunao umati, neno moja lililoingia kwa milango miwili, na kila mmoja amejipatia kazi yake. Kwa hiyo t peke yake si cheti cha kuzaliwa. Uzito unatokana na safu nzima kuelekea upande mmoja.

Pingamizi lilikuja kutoka kwa Mwarabu tunayefanya naye kazi, na lilikuwa la haki. Hapa Ghuba mtu akiugua huambiwa "salāmāt", wingi wa salāma, na wingi huo una t yake wazi isiyohitaji kujadiliwa. Je, Wafilipino hawakuweza kuchukua hilo moja kwa moja? Ilinichukua muda kuona jibu, nalo lilikuwa kwenye safu ileile. Rahmat, nikmat, niat na sifat si wingi. Ni umoja, na t wanayo. Kiajemi nacho kina rahmat, hekmat na salāmat, na ni lugha iliyokuwa na sauti kubwa katika biashara na elimu ya Bahari ya Hindi. Salamat limefuata mwendo wa ndugu zake wa Kimalay, halihitaji maelezo ya peke yake.

Nimefuta kitu kimoja katika orodha ya maneno ya kando. Nilikuwa nimeweka "sulat", maandishi kwa Kitagalog, nikidai ni sura ya Kiarabu kupitia "surat" ya Kimalay. Wataalamu hawakubaliani: wapo wanaoliona ni neno la Kiaustronesia lenye maana ya alama au mchoro, lililokuwapo kabla ya Mwarabu yeyote. Neno lenye kesi mahakamani halifai kuwa shahidi.

1 Machi 2025: Kupitia Bukini

Ramadhani imeingia leo na shifti zimebadilika, kwa hiyo usiku una nafasi.

Tangu jaribio la l lianguke nilikuwa natafuta lugha ya ukoo uleule iliyoondoka mapema, kabla neno hili halijafika Asia ya Kusini-Mashariki. Niliitafuta upande wa Taiwani na Pasifiki kwa muda mrefu mno, ilhali iko jirani na kwetu. Kimalagasi cha Madagaska, yaani Bukini, ni lugha ya Kiaustronesia, na ndugu zake wa karibu zaidi wako bonde la mto Barito, Borneo, akiwemo Kimaanyan. Wasemaji wake walivuka bahari karne nyingi kabla Uislamu haujatawala bandari za Wamalay.

Kimalagasi kina sheria, na hii kweli ni sheria: t ya mwisho wa neno la urithi hugeuka -tra, na magharibi ya kisiwa -tsy. Mbingu, langit kwa Kimalay na Kitagalog, ni lanitra. Ngozi au ganda, kulit, ni hoditra. Basi kama salamat lingekuwa la urithi, Bukini wangekuwa na kitu kama "salamatra".

Wanasema "salama". Ni salamu yao, hasa kaskazini na pwani, na pia ni mtu mwenye afya njema. Hakuna t wala -tra. Na Ijumaa ni "zoma", si Jumaat. Kwa ukoo Kimalagasi ni ndugu wa Kitagalog, lakini maneno haya yameingia kutoka upande wetu wa bahari, kwa Waarabu na Waswahili. Neno moja la Kiarabu limeufikia ukoo mmoja wa lugha kwa ncha mbili tofauti, na t inakuonyesha ni ncha ipi.

Kilichoshindikana kwa herufi ya katikati kimethibitika kwa herufi ya mwisho. Nimeongeza Madagaska kwenye ramani, ijapokuwa sasa karatasi haitoshi.

22 Machi 2025: Kutoka salama hadi asante

Swali la pili. Kwa Kimalay selamat ni usalama na pia heri: selamat pagi asubuhi, selamat jalan kwa anayeondoka. Asante ni "terima kasih", neno jingine kabisa. Kugeuka kumetokea huko Ufilipino, au njiani kuelekea huko.

Mwanzoni niliona ajabu, mpaka nilipoitazama "ahsante" yenyewe. Kwa Kiarabu aḥsanta ni "umefanya vyema". Haikuwa shukrani, ilikuwa sifa. Sisi tuliisikia ikisemwa mtu anapopewa kitu, tukaichukua kwa kazi hiyo, na leo tunaipachika -ni ya kwetu: ahsanteni. Mwarabu akishukuru husema shukran. Kwa hiyo kosa, kama ni kosa, tumelifanya pande zote mbili: tumesikiliza tukio badala ya maana. Mfanyabiashara anapokea mzigo, anamtakia heri aliyemletea, na aliye ufukoni anajifunza kwamba ukipewa kitu unasema salamat.

Kwamba Kimalay kilikuwa lugha ya bandari zile hakuna shaka. Bamba la shaba lililopatikana Laguna, la mwaka 900, limeandikwa Kimalay cha kale kilichochanganyika na maneno ya lugha nyingine. Mwaka 1521 baharia Magellan alipofika Visaya, visiwa vya katikati ya Ufilipino, mtumwa wake Enrique aliyenunuliwa Malaka alizungumza Kimalay na wakuu wa kule wakamwelewa. Manila ya Raja Sulayman, kabla Wahispania hawajaiteka 1571, ilikuwa na uhusiano wa karibu na Brunei.

Sasa narudi kwa kaka wa Jolo. Naona jibu liko hapo. Sulu ilipokea dini pamoja na msamiati wake, na mwalimu wa dini hufundisha shukr kuwa shukrani, hakuna nafasi ya kubahatisha. Cebu na Manila walilipata neno bandarini, katika salamu na makabidhiano, na bandarini hakuna anayesahihisha maana. Ndiyo sababu neno la Kiislamu lina nguvu kama shukrani kwa Wakatoliki kuliko kwa Waislamu. Hii ni hukumu yangu na nimeiandika hivyo kwenye maelezo ya ramani, tofauti na yale ya t ambayo nayasimamia bila wasiwasi.

12 Aprili 2025: Ramani

Toleo la kwanza lilitoka zuri na la uongo. Katika QGIS, programu ya kuchora ramani, nilipaka rangi mikoa mizima kwa kufuata lugha kubwa ya kila mkoa. Mindanao, kisiwa kikubwa cha kusini, karibu yote ikawa rangi ya salamat, kwa sababu wahamiaji wa Kisebuano ni wengi huko, na Zamboanga ikameza "gracias" yake. Bikol ikawa Manila tena, kosa lilelile la maandishi ya dini likirudi kwa mlango wa picha.

Nimefuta maeneo na kuweka nukta. Nukta moja ni jibu moja, mahali anapotoka bibi wa aliyejibu, na umbo lake linaonyesha limesemwa wapi: duara ni nyumbani, mraba ni karatasi. Penye majibu mawili nukta zinakaa pamoja. Ramani imekuwa na matobo mengi, na ni sawa, maana matobo ndiyo sehemu ambazo sijauliza. Rangi ni tatu tu: salamat, familia ya "Mungu atalipa", na mengineyo. Nilianza na rangi zaidi, macho yakakataa.

QGIS ni bure, ramani ya msingi ni bure. Uchapishaji wa kwanza, ule wa mikoa, uliniondolea dirham 45 na sasa unafunika meza ya chumbani. Wa pili dirham 45 tena. Chapa baada ya watu kuikosoa kwenye skrini, si kabla.

3 Mei 2025: Neno linalofuata

Lahajedwali na faili la ramani viko wazi kwa anayetaka kunakili. Badilisha neno, acha safu tano kama zilivyo. Jumla ya gharama ni dirham 150, na sehemu kubwa ni chai na karatasi.

Nimeshaanza "alamat". Kwa Kitagalog ni hadithi ya kale, ile ya kueleza nanasi au ziwa vilitokeaje. Kwa Kiindonesia ni anwani ya posta. Kwetu ni alama, bila t. Kisanduku cha safu ya "limesemwa wapi" tayari kina ugomvi: wa Manila anasema ni neno la shuleni, kwa bibi yake hadithi ilikuwa "kuwento", ya Kihispania. Kesho nina zamu ya usiku na yule wa Iloilo, nitaanzia kwake.